Kisukari, shinikizo la damu na UVIKO-19: kuambukizwa si sawa na kuugua vibaya

Maswali mawili huchanganywa kila inapozungumzwa hali ya afya ya mtu na UVIKO-19. La kwanza ni nani huambukizwa. La pili ni nani, akishaambukizwa, huugua hadi kuhitaji oksijeni. Jibu la kwanza hutegemea zaidi mazingira: kazi ya mtu, idadi ya watu anaolala nao chumba kimoja, daladala anayopanda. Jibu la pili limo zaidi ndani ya mwili wenyewe.

Mwaka 2020 watafiti nchini Uingereza walichambua kumbukumbu za matibabu za watu wazima zaidi ya milioni 17. Umri ulitangulia mambo yote: wenye miaka 80 na zaidi walikuwa na hatari ya kufa kwa UVIKO-19 takriban mara 20 ya wenye miaka 50 hadi 59. Lakini umri haubadilishwi na daktari yeyote. Kwangu mimi, lililo muhimu zaidi ni hili: wenye kisukari kisichodhibitiwa walikuwa na hatari karibu mara mbili ya wasio na ugonjwa huo, ilhali kwa waliodhibiti sukari hatari ilizidi kwa takriban asilimia 30. Takwimu za namna hii peke yake hazithibitishi chanzo, ila zinaafikiana na tunayoyajua kuhusu mwili. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu hupungukiwa na uwezo wa kukabili vimelea, kuta za mishipa midogo huharibika, na damu huwa nyepesi kuganda. Kirusi kinachochochea damu kugandia mapafuni hukuta kazi imekwisha kuanzwa.

Maambukizi yenyewe nayo hupandisha sukari. Deksamethasoni, dawa iliyookoa maisha ya wengi waliokuwa kwenye oksijeni, huipandisha zaidi. Kwa hiyo kila mgonjwa anayelazwa apimwe sukari, hata asiyejijua kuwa na kisukari. Barani Afrika inakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huo hawajagunduliwa.

Kwa upande wa shinikizo la damu, uvumi ulidhuru. Kirusi huingia kwenye seli kwa kujishikiza kwenye protini iitwayo ACE2, na kwa kuwa dawa kama enalapril na losartan hufanya kazi katika mfumo huohuo, ilihofiwa kwamba zinakifungulia mlango. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ilistahili kupimwa, na ikapimwa. Nchini Brazili, wagonjwa 659 waliolazwa kwa UVIKO-19 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakasitishiwa dawa hizo kwa siku 30, wengine wakaendelea nazo. Waliositishiwa hawakupata nafuu yoyote ya ziada. Anayeziacha kwa hofu hapati kinga dhidi ya kirusi, bali hujiweka karibu na kiharusi.

Mwenye kisukari anayepata homa na apime sukari mara nyingi zaidi ya kawaida yake na anywe maji ya kutosha. Anayetumia insulini asiiache kwa kuwa amekosa hamu ya kula, bali aulize kliniki kuhusu kipimo. Akianza kutapika mfululizo au kupumua kwa haraka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.