Asilimia 80 ya nini?

Waulizaji hubadilika, swali ni lilelile. "Daktari, nimesoma kwamba utafiti wa mapacha umeonyesha usonji ni asilimia 80 urithi. Sasa hiyo 20 iliyobaki ni nini, na tunaiondoaje?" Toleo lake la pili huulizwa na shangazi au bibi huku akimtazama mkwe kwa pembe ya jicho: "Kwa hiyo umetoka upande wa nani?" Nimeyajibu yote mawili kliniki, kwenye korido, hata msibani. Leo nayajibu kwa maandishi, ili nikiulizwa tena nitoe gazeti.

Namba yenyewe si ya kubuni. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha matokeo ya jozi 21 za mapacha wa jinsia moja nchini Uingereza, kila jozi ikiwa na angalau mtoto mmoja mwenye usonji. Katika jozi 11 za mapacha wa yai moja, wale wanaofanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za mayai mawili, hakuna hata moja. Mantiki ni rahisi: wa yai moja wana jeni zilezile, wa mayai mawili wanachangia nusu kwa wastani kama ndugu wengine wowote, lakini wote wamekaa tumbo moja kwa wakati mmoja na wamelelewa na mama yuleyule. Wa yai moja wakifuatana kuliko wenzao, ile ziada inaandikwa kwenye hesabu ya jeni. Jozi 21 ni chache mno, ila zilitosha kuanza kulibomoa fundisho la akina Bruno Bettelheim, ambaye mwaka 1967 alitoa kitabu kizima kuwatwisha wazazi lawama ya kusababisha usonji kwa madai ya ubaridi wao. Akina mama wengi walibeba lawama hiyo hadi kaburini.

Tangu hapo sampuli zimekua. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha tafiti za mapacha ulipata kati ya asilimia 64 na 91. Mwaka 2019 utafiti wa nchi tano, wenye watoto zaidi ya milioni 2, uliangukia karibu na 80. Wa California wa mwaka 2011, wenye jozi 192, ulipata chini ya 40, na wataalamu wakazozana vizuri tu.

Sasa tuje kwa muuzaji. Mama mmoja alinipangia mezani chupa tatu za plastiki zenye dawa ya maji ya rangi ya chai, pamoja na karatasi ya "kipimo cha nywele" yenye vimstari vyekundu mbele ya risasi, zebaki na alumini. Alikuwa ameuziwa kwa maelezo yaliyopangwa vizuri kweli: "Jeni hatuziwezi, hiyo ni 80. Sisi tunashughulika na ile 20, tunasafisha sumu mwilini." Mtu aliyetunga sentensi hiyo amesoma. Hakusoma vya kutosha, au amesoma na akaamua kula pesa za watu.

Kosa la kwanza ni kudhani mtoto ana 80 ya huku na 20 ya kule. Asilimia hiyo haipimi mtoto, inapima tofauti kati ya watu. Chukua mbegu za mahindi zilizochanganywa, uzipande kwenye udongo wa aina moja wenye maji sawa: tofauti ya urefu wa mabua karibu yote itatoka kwenye mbegu. Kisha chukua mbegu ya aina moja ya dukani, nusu uipande bondeni na nusu kwenye changarawe: sasa tofauti karibu yote ni udongo. Namba imeruka kutoka karibu 100 hadi karibu 0, na mahindi ni mahindi. Wala hakuna bwana shamba atakayesimama mbele ya bua moja akuonyeshe sentimita zilizoletwa na mbegu na zilizoletwa na mbolea. Mtoto wako ni bua moja.

Kosa la pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hesabu za mapacha zenyewe zinamuumbua muuzaji. Hesabu hizo zina masanduku matatu, si mawili. La kwanza ni jeni. La pili ni mazingira ambayo pacha wote wawili wameyapata: maji ya bomba moja, chakula cha sufuria moja, moshi wa jiko moja, chanjo ya surua-rubela waliyochomwa siku moja na nesi mmoja. La tatu ni yale yasiyowapata kwa usawa: nani alipata sehemu nzuri ya kondo la nyuma, nani alichelewa kutoka na kukosa hewa, mabadiliko ya bahati tu wakati ubongo unajijenga, na ndani yake humohumo makosa ya vipimo vyetu. Sumu anayotangaza muuzaji, ya majini, chakulani na kwenye chanjo, ingepaswa kuonekana kwenye sanduku la pili. Katika tafiti nyingi sanduku hilo ni dogo au karibu tupu. California walilikuta limejaa, lakini waandishi wenyewe walielekeza kidole kwenye ujauzito na mwanzo kabisa wa maisha. Ujauzito hausafishwi kwa chupa mtoto akiwa na miaka mitano.

Na anayeona "kusafisha" hakuna hasara ajue kwamba mwaka 2005, Pennsylvania, mvulana wa miaka mitano mwenye usonji aliwekewa dripu ya dawa ya kuondoa madini mazito. Kalsiamu ya damu ilishuka, moyo ukasimama.

Shangazi naye ajibiwe. Baadhi ya mabadiliko ya jeni yanayoleta usonji hayapo kwa baba wala kwa mama. Yanatokea kwenye yai au mbegu ya kiume, na yai likigawanyika baadaye, pacha wote wawili wanayo. Mengine ni madogomadogo, mengi sana, yametoka pande zote mbili. Kikao cha ukoo hakitapata wa kumtoza faini.

Kuna jambo wenzangu hawapendi kulisema. Zile nchi tano ni Denmark, Finland, Sweden, Israel na Australia, tena kwa Australia ni upande wa magharibi tu. Hakuna ya kwetu. Kwa kuwa namba inategemea udongo, mahali ambapo mtoto mmoja anazaliwa hospitali na mwingine njiani, au mmoja anapata malaria kali ya kichwani na mwenzake hapati, huenda namba ikawa tofauti hata kama jeni ni zilezile. Anayekuhakikishia "asilimia 80" Kahama au Kilifi ameazima.

Ya kufanya, harakaharaka. Apimwe masikio kwanza. Akifika mwaka mmoja haitiki jina lake, au miezi 18 haonyeshi kitu kwa kidole, msingoje "atachangamka akikua". Kuna dodoso la maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, ombeni lijazwe. Kifafa na usingizi vitibiwe, vinatibika. Tiba ya usemi ikipatikana anzeni, isipopatikana tumieni picha nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi, ulizieni. Kenya nendeni KISE, taasisi ya elimu maalumu, Nairobi. Tanzania muulizeni ofisa elimu maalumu wa wilaya. Chanjo ziendelee. Mkipanga mtoto mwingine, uwezekano wa naye kuwa na usonji ni karibu mmoja kati ya watano, kwa hiyo afuatiliwe tangu uchanga. Na kama mtoto ana pacha wa kufanana, mleteni naye siku hiyohiyo, hata kama kwenu mnasema huyo hana neno: wa yai moja hufuatana mara nyingi, lakini ukali wa dalili unaweza kupishana sana, na yule mpole ndiye anayesahauliwa.