DAKTARI BINGWA PEKE YAKE HAMALIZI EBOLA



Mara nyingi tunasoma sifa za madaktari mabingwa wa vyuo vikuu wanaopambana na magonjwa ya kuambukiza. Sifa hizo ni haki yao, nasi hatuna kinyongo. Lakini ukurasa huu ni wa wafanyakazi. Kwa hiyo tunataka kuutazama ubingwa huo kutoka upande wa wodi, yaani upande wa muuguzi, mfagiaji, dobi na mchukuzi wa wagonjwa. Mfano wetu unatoka Kongo, na bingwa wetu ni Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwalimu wa elimu ya vijidudu katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Yambuku, 1976

Mwaka 1976 nchi hiyo ilikuwa ikiitwa Zaire. Huko Yambuku, upande wa kaskazini, palikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda 120, iliyoendeshwa na masista wa Kibelgiji. Watu walianza kufa kwa homa kali na kutokwa na damu. Serikali ikamtuma Muyembe, ambaye hakuwa na miaka mingi tangu arudi kutoka masomoni Ubelgiji. Aliwapima wagonjwa na kuwatoa damu bila glavu. Alipochomoa sindano, damu haikukoma, ikatiririka mpaka vidoleni mwake. Alinawa kwa maji na sabuni, akaendelea na kazi. Alinusurika.

Wafanyakazi wa hospitali ile hawakuwa na bahati hiyo. Walikuwa 17. Waliougua ni 13, na waliokufa ni 11. Katika eneo lote waliugua watu 318, wakafa 280.

Sababu ilikuwa nini? Wachunguzi walikuta kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano tu ya sindano, na hayo ndiyo yaliyowahudumia wagonjwa wa nje, akina mama wajawazito na waliolazwa wodini. Baina ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa tu katika maji ya uvuguvugu. Huo haukuwa uchawi wala mkosi, ndugu. Ulikuwa ni upungufu wa vifaa vya kazi.

Sista mmoja aliyeugua alipelekwa Kinshasa, na damu ikatumwa mpaka Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya thermosi. Huko kirusi kipya kikaonekana, kikaitwa Ebola kwa jina la mto. Katika hospitali ya Ngaliema mjini Kinshasa muuguzi kijana, Mayinga N'Seka, aliambukizwa akafa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Mpaka leo aina ya kirusi iliyotoka katika damu yake huitwa Mayinga katika maabara za dunia. Majina ya wataalamu yamo katika vitabu kwa sababu ya uvumbuzi wao. Jina la mwenzetu limo humo kwa sababu alikufa kazini.

Kikwit, 1995

Miaka 19 ikapita. Mwaka 1995 ugonjwa ulizuka Kikwit. Mfanyakazi wa maabara alipasuliwa tumbo hospitalini, na wale waliomhudumia katika chumba cha upasuaji wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Muyembe alipofika alikumbuka aliyoyaona Yambuku, akashuku ni Ebola. Damu ikapelekwa ng'ambo tena, safari hii mpaka Marekani, na jibu likamthibitisha.

Waliougua walikuwa 315, na karibu wanane katika kila kumi walikufa. Robo ya wagonjwa hao walikuwa wafanyakazi wa afya. Glavu, vifuniko vya uso na makoti ya kujikinga vilipofika, na watu wakafundishwa kuvitumia, maambukizo ya wafanyakazi yalishuka upesi. Kumbe dawa ya kwanza ya Ebola ilikuwa ni vitu vya stoo.

Hapo hapo Kikwit madaktari wa Kongo walifanya jambo la ujasiri. Walichukua damu ya watu waliopona wakawatia wagonjwa wanane. Saba wakapona. Wataalamu wengi wa nje walitia shaka, wakisema wagonjwa wanane ni wachache mno kuthibitisha kitu. Kisayansi walikuwa na hoja. Lakini Profesa Muyembe hakuliacha wazo lile.

Mwaka 2006 mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake tena. Wataalamu wa Kongo na wa Marekani wakatafuta ndani yake askari wa mwili wanaokiua kirusi. Ndiyo asili ya dawa iitwayo mAb114. Ilijaribiwa wakati Ebola ilipoishambulia Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia mwaka 2018 mpaka 2020, ambako watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Mwezi Agosti 2019 ikatangazwa kwamba dawa hiyo na nyingine moja zimefaulu. Kati ya wagonjwa waliowahi kufika, karibu tisa katika kumi walipona. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, na haki ya kuitengeneza iko mikononi mwa kampuni ya huko huko. Damu ni ya Kikwit, kiwanda ni cha wengine. Ndiyo maana tunamuunga mkono Profesa Muyembe anaposema sampuli za damu zipimwe Kongo, na Wakongo wenyewe.

Mambo yanayotuhusu sisi

Mtu atasema: basi dawa ipo na chanjo ipo, chama cha wafanyakazi kinataka nini tena? Tunajibu hivi. Katika vita ile ya Kivu na Ituri, zaidi ya wafanyakazi 160 wa afya waliambukizwa. Mwezi Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu ya Butembo. Siku chache baadaye madaktari na wauguzi waliandamana wakidai ulinzi. Na mwaka 2025, Ebola ilipozuka Bulape katika Kasai, miongoni mwa waliokufa mwanzoni walikuwamo tena wahudumu wa afya. Ilikuwa miaka 49 tangu Yambuku.

Ugonjwa haugongi mlango na kujitaja jina. Siku ya kwanza mgonjwa huonekana ana malaria au homa ya matumbo. Bingwa wa chuo kikuu bado yuko mbali. Aliye karibu ni muuguzi wa zamu, na mfagiaji anayepangusa matapishi. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Sisi tunaongeza kwamba mkono mtupu haumuuguzi mgonjwa.

Kwa hiyo matawi yote yenye wanachama hospitalini na zahanati yadai mambo manne. Glavu, sabuni na maji viwepo kila siku, si siku ya mlipuko tu. Wafagiaji, madobi na wachukuzi wafundishwe kujikinga pamoja na wauguzi. Mfanyakazi anayekataa kumgusa mgonjwa kwa mikono mitupu asiadhibiwe. Na anayekufa kazini, familia yake ilipwe bila kuzungushwa.

Katika mkutano ujao wa tawi, swali la kwanza kwa mwajiri liwe rahisi: leo hii stoo ina jozi ngapi za glavu? Akishindwa kujibu, twendeni pamoja tukahesabu.