Kupanda Kunachosha, Kushuka Kunavunja

Septemba 2025 jijini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huohuo, na ilibidi picha ya mstari wa kumalizia iamue. Tangu siku hiyo, mazungumzo ya riadha yakianza popote nchini hakosekani wa kuuliza: na kwetu, marathoni lini? Likiulizwa Ngara au Biharamulo, swali hilo lina jibu tofauti na la Dar es Salaam. Mwandaaji wa Dar hushindana na foleni na joto. Wa Ngara hushindana na ardhi yenyewe.

Anayeijua Ngara anajua kwamba tambarare yake ni ya kutafuta. Mto Ruvubu unatoka Burundi na kuingia Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na nchi yote inayozunguka mito hiyo imekunjwa: bonde, mgongo wa kilima, bonde tena. Chini mtoni uko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye migongo ya juu unakaribia 1,800. Mji wa Ngara wenyewe umekaa juu. Biharamulo ni mpole zaidi: miinuko mirefu isiyo mikali, miti ya miombo, na upande mmoja Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa 2019.

Kosa la kwanza katika kupanga mbio kwenye nchi kama hii ni kuuliza "kilomita ngapi?" na kuishia hapo. Swali linaloamua kila kitu, kuanzia maji hadi saa ya kufunga barabara, ni hili: njia inapanda mita ngapi, na inashuka mita ngapi?

Ipo hesabu ya zamani inayosaidia. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ya kukadiria muda wa matembezi mlimani. Ukiigeuza kwa vipimo vyetu, kila mita 1 ya kupanda inakula muda sawa na mita 8 hivi za tambarare. Tuseme njia yako ya kilomita 42.195 inapanda jumla ya mita 1,200, jambo ambalo Ngara halihitaji kutafutwa. Hizo mita 1,200 ni sawa na kilomita 9.6 zaidi, kwa hiyo kwa muda mkimbiaji wako anakimbia kilomita karibu 52. Aliyezoea kumaliza kwa saa 4 pale pasipo na vilima atafika saa 4 na dakika 55. Aliyezoea saa 5 atapita saa 6, na wakati huo jua limeshapanda, meza ya maji imeshakunjwa na askari wa barabarani ameshaulizwa mara tatu kazi inaisha lini.

Wengi watasema: lakini ukipanda si utashuka, na mteremko utarudisha ulichopoteza? Haurudishi. Mwaka 2002 Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji wa milimani waliokimbizwa kwenye mashine ya miteremko mbalimbali. Kwenye tambarare mwili ulitumia takriban jouli 3.6 kwa kila kilo ya uzito kwa kila mita. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 ni karibu 6. Kwenye mteremko wa asilimia 10 ni zaidi kidogo ya 2. Jumlisha kupanda na kushuka, gawa kwa mbili: unapata kama 4.1. Umerudi palepale ulipoanzia, na bado unadaiwa asilimia 13.

Hilo ni deni la nguvu tu. Deni la misuli ni kubwa zaidi, na ndilo ninalotaka waandaaji walielewe kuliko jambo lingine lolote.

Kwenye kupanda, msuli wa mbele wa paja hujikaza huku ukifupika. Unachoka, lakini hauumii sana. Kwenye kushuka, msuli uleule hujikaza huku ukivutwa urefuke, kwa sababu kazi yake sasa ni kuzuia mwili usiporomoke. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo ndani ya msuli. Ubaya wake ni kwamba haina kengele. Pumzi iko tele, moyo umetulia, mkimbiaji anatabasamu na kuongeza kasi. Ni kama dereva wa lori anayeshuka Rusumo akikanyaga breki tu badala ya kushusha kwa gia ndogo: kilomita za mwanzo gari linakwenda vizuri, moshi wa breki unaonekana baadaye. Kwa mkimbiaji, moshi huo huonekana kilomita ya 30. Magoti yanalegea, hatua inakuwa nzito, na mwinuko aliouona mdogo asubuhi haupandiki. Kesho yake, na hasa keshokutwa, atashuka ngazi kinyumenyume.

Mashabiki wa riadha wa umri fulani wanamkumbuka Juma Ikangaa pale Boston. Alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya kwanza alishindwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde 1. Njia ya Boston huanza kwa kushuka na huweka vilima vyake baada ya nusu ya safari. Mwaka 1990 Ikangaa alitangulia kwa kasi kali sehemu ya mwanzo, na Muitaliano Gelindo Bordin akampita baadaye. Sidai kwamba mteremko pekee ndio ulimnyima ushindi. Ikangaa alikuwa mtu wa kukimbia mbele popote alipokimbia, na New York 1989 alishinda kwa mtindo huohuo. Lakini njia inayoanza kwa kushuka humdai kila mtu, hata aliye bora kuliko wote.

Sasa linganisha na Moshi. Mbio za Kilimanjaro, zilizoanza 2003, zina bahati ya kijiografia: mji uko chini, mlima uko juu. Mkimbiaji wa marathoni kamili huanza sehemu isiyo na vilima vikali, kisha hupanda kuelekea Mweka, halafu hugeuka na kushuka hadi uwanjani. Mteremko mrefu unamkuta akiwa amebakiza kilomita chache. Ngara ni kinyume. Ukianzia mjini, utaanza kwa kushuka, na mwisho wa safari nyumbani ni juu. Ukitaka kuiga ramani ya Moshi kama ilivyo, umewaandalia watu adhabu.

Mimi ningepeleka mstari wa kuanzia na wa kumalizia bondeni, kwenye uwanja wa shule au wa kijiji, hata kama mgeni rasmi na wafadhili wangependa mjini. Kama hilo haliwezekani, basi ningetafuta njia ya kuzunguka mgongo wa kilima kilomita 5 au 6 za mwanzo kabla ya kuteremka, ili kundi litawanyike na misuli ipate moto. Na ningekimbiza mzunguko wa nusu marathoni mara mbili. Mbio ndogo haina pesa za meza 14 za maji wala magari matatu ya wagonjwa. Mzunguko mmoja unaorudiwa unaifanya meza moja ihudumie watu mara mbili, na atakayeona yamemfika anasimama kilomita ya 21 akiwa na medali ya nusu marathoni badala ya kuokotwa porini. Wakimbiaji 150 wanatosha. Mbio za vilima zikishapita watu 300 bila uzoefu, mwandaaji hajui tena nani yuko wapi.

Kuna wanaopenda wazo la kutoka Ngara mjini moja kwa moja hadi Rusumo, kwa sababu ni mteremko na rekodi "zitavunjwa". Hazitavunjwa. Kanuni za kimataifa hazitambui rekodi ya njia iliyoshuka zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni nzima, wala njia ambayo mwanzo na mwisho wake, kwa mstari ulionyooka, vimeachana kwa zaidi ya nusu ya urefu wa mbio. Ndiyo maana saa 2:03:02 alizokimbia Geoffrey Mutai Boston 2011, kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia hadi siku ile, hazikuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Urefu nao haupimwi kwa saa ya mkononi wala kwa mita ya pikipiki. Hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, ikasahihishwa kwanza kwenye kipande kilichopimwa kwa utepe wa chuma, na huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi.

Vibali nitavipitia haraka: chama cha riadha cha mkoa na Riadha Tanzania, polisi, halmashauri, TARURA kwa barabara za wilaya na TANROADS kwa barabara kuu. Ila hapo kwenye barabara kuu nasimama kidogo. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, na ile inayokwenda Kabanga kuingia Burundi, zinabeba malori ya Kigali na Bujumbura mchana na usiku. Lori lililobeba shehena, likishuka na breki za moto, halimsubiri mkimbiaji. Usiweke marathoni juu ya lami hiyo. Ikate sehemu moja tu, penye mwinuko, ambapo malori yanapanda polepole na askari anaweza kuyasimamisha. Barabara za changarawe ndizo zinazofaa. Zina vumbi Julai, ni utelezi Aprili, lakini hazina lori la tani 30.

Tukitaja Julai, majira ni rahisi kuchagua: Juni hadi Agosti ni kiangazi. Saa ndiyo inayowakosesha wageni. Ngara iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo mwezi Julai jua huchomoza kama saa 1 kamili asubuhi. Mwandaaji anayenakili ratiba ya pwani na kuanzisha mbio saa 12 atawateremsha watu kwenye mawe gizani. Tena simu zikiwa karibu na mpaka huweza kudaka mtandao wa Rwanda au Burundi na kujirudisha nyuma saa nzima, maana nchi hizo ziko saa 1 nyuma yetu. Tangazeni muda wa kuanza kwa kipaza sauti, jioni ya siku iliyotangulia, na waambieni watu wazime mabadiliko ya saa ya moja kwa moja kwenye simu zao.

Meza za maji zisiwekwe chini ya mteremko. Pale mtu anajitahidi kujizuia, ardhi imelowa, na vikombe vimetapakaa. Weka meza hatua 100 baada ya mwinuko kuanza: kila mtu hapo anatembea, na anayetembea hunywa bila kupaliwa. Chini ya mteremko weka watu wa huduma ya kwanza, kwa kuwa ndiko vifundo vinakoteguka, na gari la wagonjwa lielekee tayari upande wa hospitali ya Murgwanza. Ndizi mbivu Ngara hazihitaji mfadhili. Kinywaji kitengenezwe hapohapo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wala msiwalazimishe watu kunywa. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni mwa Boston 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale wa polepole waliokunywa kila meza hadi uzito wao ukaongezeka. Mbio za vilima zina watu wengi wa polepole.

Biharamulo ningeiachia nusu marathoni na mazoezi marefu. Njia zake zinafaa kujenga pumzi, mradi zisiguse mipaka ya hifadhi bila kibali na bila askari wa wanyamapori. Humo kuna tembo na simba, achilia mbali mbung'o, ambao hawamwachi mtu anayekimbia wala anayetembea.

Kwa mkimbiaji atokaye pwani, hewa ya mita 1,700 ina shinikizo la asilimia 82 hivi ya lile alilozoea, kwa hiyo apunguze kasi tangu hatua ya kwanza. Lakini maandalizi yake makubwa yawe ya kushuka. Mwili una kumbukumbu nzuri: mazoezi machache ya mteremko, hata siku moja ya maumivu, huukinga msuli kwa wiki kadhaa zinazofuata. Wiki tatu kabla ya mbio tafuta kilima, kishuke mara 6 hadi 8 kwa hatua fupi za harakaharaka, kifua kikiinamia mbele kidogo, macho mita kumi mbele. Ukijiegemeza nyuma, visigino na magoti ndivyo vitakavyolipa. Kata kucha za miguu siku mbili kabla.

Na kama kuna anayedhani mbio za milimani ni za watu walioshindwa uwanjani, amtazame Victor Kiplangat wa Uganda: bingwa wa dunia wa mbio za milimani 2017 pale Premana, Italia, akiwa kijana wa miaka 17, na bingwa wa dunia wa marathoni 2023 pale Budapest. Vilima vya kumlea kijana wa namna hiyo Ngara inavyo. Kamati inayotaka kuanza isichapishe fulana kwanza. Iende ikashuke njia yake yote kwa miguu, mwezi uleule na saa ileile ya mbio, na kila mjumbe awemo, mwenyekiti akiwa wa kwanza.