Nyumba kumi za kisiwani: uchague majirani au uachie bahati?

BUKAVU – Anayeanza kucheza Animal Crossing: New Horizons hupewa kisiwa karibu kitupu na sharti moja lisilobadilika: wakazi wasizidi kumi. Kumi tu, kila mmoja na nyumba yake. Kwa msomaji wa Bukavu hesabu hiyo haihitaji maelezo marefu. Ni nyumba kumi, na huku kwetu nyumba kumi zina mkubwa wao, anayetakiwa kujua nani amehamia, nani amefiwa na mgeni wa nani amelala wapi.

Tofauti ni kwamba kisiwani mchezaji anaweza kuamua nani awe mkazi wa kumi. Tangu mchezo huo wa kampuni ya Nintendo utoke tarehe 20 Machi 2020, wachezaji wamegawanyika pande mbili. Wapo wanaotafuta majirani mmoja mmoja mpaka orodha waliyoiandika itimie. Na wapo wanaomkaribisha yeyote anayeletwa na bahati, awe mzuri wa sura au la.

Unaweza kusema ni maneno ya watoto. Lakini mchezo huo umeuzwa zaidi ya nakala milioni 40, na wengi walioununua ni watu wazima waliokuwa wamefungiwa ndani kwa sababu ya Covid-19. Swali wanalobishania, la nani anastahili kukaa karibu nami, si geni hata kidogo katika mji huu.

Tuseme wazi kwanza: Bukavu si mji wa Nintendo. Kwenye vyumba vya kuchezea play, kule Kadutu au Ibanda, kinachotawala ni mpira wa miguu, na anayefungwa anampisha mwenzake. Michezo ya kuigiza maisha, ile isiyo na mshindi, inachezwa zaidi kimyakimya kwenye simu. Wapo wanaocheza The Sims. Wengine wanacheza BitLife, iliyotoka 2018, ambayo inakuzalisha upya kila unapoanza: unaweza kuacha programu ikupangie nchi na jinsia ya kuzaliwa, au ukajichagulia mwenyewe. Ukitaka kupanga hata akili na sura, utalipia.

Animal Crossing ndiyo iliyolichukua swali hili mbali zaidi. Majirani zake ni wanyama wanaoongea. Zaidi ya 390 walikuwemo mchezo ulipotoka, na kufikia mwisho wa 2021 walikuwa wamefika 413. Kiwanja kikiwa wazi, mchezaji anakata tiketi ya ndege kwa pointi 2,000, ambazo huzichuma kwa vijikazi kama kuvua samaki na kung'oa magugu. Ndege inampeleka kisiwa kingine, na huko anamkuta mnyama mmoja. Akimpenda anamkaribisha nyumbani. Asipompenda anarudi na kukata tiketi nyingine. Akichoka na kuacha kiwanja hicho wazi, mchezo wenyewe utamletea mtu bila kumuuliza.

Bahati hiyo nayo ina hesabu yake. Wachezaji walioichambua programu walikuta kwamba mchezo hauanzi kwa kumchagua mnyama. Unaanza kwa kuchagua jamii yake kati ya jamii 35, zote zikiwa na nafasi sawa, kisha ndani ya jamii hiyo unachagua mmoja. Paka wako 23. Pweza walikuwa watatu tu mwanzoni. Kwa hiyo kumkuta pweza fulani ilikuwa nafasi 1 kati ya 105, na kumkuta paka fulani ni 1 kati ya 805. Anayemtaka paka mmoja maalumu ajiandae, kwa wastani, kuchoma pointi zaidi ya milioni moja na nusu. Ni mahali pachache duniani ambapo mtu wa jamii ndogo anapewa nafasi kubwa kuliko wengine.

Paka aliyesumbua watu kuliko wote ni Raymond, wa rangi ya kijivu, mwenye miwani na macho ya rangi mbili tofauti. Alikuwa mgeni kabisa katika mchezo huo, na hakuwa na kadi ya amiibo. Kadi hizo ndizo zinazomwezesha mchezaji kumwita mkazi anayemtaka bila kupitia bahati: unaigusisha kwenye kifaa, mnyama anakuja kambini, na baada ya siku chache anakubali kuhamia. Bila kadi, Raymond alipatikana kwa bahati tu. Watu wakaanza kumuuza mtandaoni, tena kwa pesa halisi, kama vile wanavyouziana viwanja. Kadi yake ilitoka Novemba 2021, bei ikashuka.

Kadi zenyewe zinachekesha ukizifikiria. Zinauzwa ndani ya pakiti iliyofungwa, na hujui zilizomo ni za nani mpaka uichane. Yaani hata anayekwepa bahati ili achague kwa uhakika, inabidi aanze kwa kununua bahati dukani.

Wako pia wasiotakiwa. Baadhi ya wanyama wamechorwa na sura ambazo wachezaji wengi huziona mbaya, nao hupata taabu isiyo na sababu. Kuna wachezaji wanaowapiga kwa wavu wa kukamatia wadudu, wanaowachimbia mashimo, wanaowazungushia ua nyumba zao, wakitumaini watachoka na kuondoka. Mchezo haukupi kitufe cha kumfukuza mtu. Mara nyingi unasubiri mwenyewe aseme kwamba anafikiria kuhama, nawe unaweza kumruhusu au kumwomba abaki. Mgeni wa bahati akifika kambini wakati nyumba kumi zimejaa, yeye ndiye anayemtaja wa kumpisha. Mwenye kadi tu ndiye anayechagua mwenyewe nani aondoke.

Haikuwa hivyo zamani. Katika New Leaf, toleo la 2012, usipofungua mchezo kwa muda ungeweza kurudi na kukuta jirani unayempenda ameshahama bila kuaga. Na mgeni aliyeingia alijenga nyumba popote, hata juu ya maua yako au katikati ya njia uliyoitengeneza kwa wiki kadhaa. Wachezaji walilalamika sana. Katika toleo la 2020, mwenye kisiwa ndiye anayepima kiwanja, na hakuna anayehama bila kumuuliza. Kwa mji ambao umeme wa SNEL unaweza kukatika siku mfululizo, mabadiliko hayo si madogo.

Aliyeuanzisha mchezo huu, Katsuya Eguchi, ameeleza mara kadhaa ulikotoka. Mwaka 1986 alihama Chiba, karibu na Tokyo, akaenda Kyoto kufanya kazi Nintendo. Aliacha familia na marafiki, akajikuta katikati ya watu asiowajua. Toleo la kwanza, lililotoka Japani Aprili 2001, lilikuwa jaribio la kurudisha kile alichokikosa. Mchezaji alishuka kwenye treni katika kijiji kigeni, na majirani aliowakuta hakuwachagua yeye.

The Sims nayo ilitoka kwenye hasara. Will Wright alipoteza nyumba yake katika moto mkubwa wa Oakland, Marekani, mwaka 1991. Alipoanza upya kununua vitu vya nyumba, kimoja kimoja, ndipo wazo la mchezo wa kujenga nyumba na maisha lilipomjia. Mchezo ulitoka mwaka 2000. Wakazi wa Nyamugo na mitaa mingine ya Kadutu, ambako nyumba za mbao zimebanana na moto ukiwaka mmoja unachukua safu nzima, hawahitaji kufafanuliwa wazo hilo.

Na sasa turudi kwenye nyumba kumi za hapa. Bukavu haikujengwa kwa ajili ya watu waliomo leo. Imejazwa na mawimbi: wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, vita vya 1996 na 1998, mapigano ya mjini Juni 2004, watu wa Kalehe na Walungu waliokimbilia mjini kila vijiji vyao vilipovamiwa, na tena Februari 2025 AFC/M23 ilipouchukua mji. Kila wimbi limemweka mtu karibu na mtu ambaye asingekutana naye. Ukuta mmoja, choo kimoja, robine moja. Wenye nyumba nao wana namna yao ya kuchagua: kabla ya kupokea garanti, wanauliza unatoka wapi na unasema lugha gani. Swali hilo ni dogo, lakini katika mkoa huu linaweza kumnyima mtu mahali pa kulala.

Wazo la nyumba kumi lenyewe lilienea kutoka Tanzania, ambako chama cha TANU kilianzisha mabalozi wa nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960. Kenya ililichukua kwa ajili ya usalama baada ya shambulio la Westgate la 2013. Popote lilipofika, kumi hao ni wale waliokutwa hapo. Hakuna balozi aliyewahi kupewa tiketi ya ndege akatafute wa kumi anayempendeza.

Kuna uzi mwingine unaounganisha kisiwa hicho na Kivu, nao hauonekani kwenye kioo. Vifaa vya kuchezea, kama simu, hutumia tantali, madini yanayotokana na koltani. Mwaka 2000, wakati PlayStation 2 ilipokuwa ikitoka, bei ya tantali ilipanda mara kadhaa, na wachimbaji walimiminika kwenye machimbo ya mashariki mwa Kongo, katikati ya vita. Mwaka 2012 shirika la Marekani la Enough Project lilipozipanga kampuni za elektroniki kwa juhudi zao za kukwepa madini ya vita, Nintendo ilipata sifuri. Vijiji vya kuchimba madini, kama Numbi kule Kalehe, navyo hujaa watu wasiochaguana.

Kwa maoni yangu, wanaoachia bahati wanapata mchezo mzuri zaidi, angalau kwa wakazi watano wa kwanza. Mnyama uliyemtafuta kwa tiketi mia moja unamjua kabla hajafika. Umeshaona picha zake zote, na kinachobaki ni kumpanga kama kiti. Yule wa sura mbaya anayekuja bila kualikwa ndiye anayekuletea zawadi siku ambayo hukuitegemea, na wiki mbili baadaye unakataa asihame. Lakini sitamlaumu anayechagua. Mtu ambaye maisha yake halisi yamepangwa na wengine, nyumba aliyofikia, mtaa, hata jeshi linalopita barabarani, ana haki ya kutaka mahali pamoja ambapo yeye ndiye anayesema nani aingie.

Kwa walio hapa, mlango rahisi wa kuingia kwenye mjadala huu ulikuwa Pocket Camp, toleo la simu lililoanza 2017. Lilikuwa la bure, na wanyama wa kambini ulikuwa unawachagua mwenyewe kadiri urafiki ulivyokua. Bahati iliwekwa kwenye mapambo, ambayo watu walilipia bila kujua watapata nini. Huduma yake ilifungwa tarehe 28 Novemba 2024. Lililofuata, Pocket Camp Complete, linalipiwa mara moja tu, kwa dola 19.99 baada ya punguzo la mwanzo kuisha. Linachezeka sehemu kubwa bila intaneti, jambo zuri kwa anayenunua mega za siku moja. Tatizo ni kulilipia: hulinunui kwa noti mkononi, na benki za Bukavu zilifunga milango Februari 2025. Mwenye ndugu Brussels au Montreal humwomba amnunulie.