Utambuzi wa Chanzo cha Kuteleza kwa Giaboksi ya Otomatiki Inapokuwa Baridi: Mfano wa 46RE katika Malori ya Dodge Ram

Giaboksi ya otomatiki inayoteleza asubuhi, kisha ikatulia baada ya kilomita chache, huwapotosha mafundi kuliko ile inayoteleza muda wote. Mwenye gari huizoea, fundi huletewa gari likiwa limekwisha kupata joto, na hatimaye giaboksi nzima hufumuliwa pasipo chanzo kubainishwa. Hata hivyo, baridi yenyewe ni ushahidi. Pampu iliyolika huvujisha zaidi mafuta yakiwa moto na mepesi. Kwa hiyo hitilafu inayopungua kadiri joto linavyopanda huelekeza uchunguzi kwingine.

Giaboksi ya 46RE, iliyofungwa katika malori ya Dodge Ram ya Marekani miaka ya 1990, ni ya ukoo wa TorqueFlite ulioanza mwaka 1956. Katika ukoo huu, mkono wa gia ukiwa P, pampu haijazi konveta mafuta. Gari likilala usiku kucha, sehemu ya mafuta ya konveta hurudi chini kwenye sampu, na asubuhi gari hukawia kuondoka. Kukawia huku si kuteleza. Injini ikiwashwa na kuachwa katika N kwa muda mfupi, konveta hujaa. Dalili ikitoweka, hakuna haja ya kufungua chochote. Kwa sababu hiyohiyo, kiwango cha mafuta hupimwa katika N injini ikiwaka. Anayepima injini ikiwa imezimwa husoma kiwango cha uongo, kilicho juu kuliko hali halisi.

Mafuta baridi huchukua nafasi ndogo kuliko yaliyopata moto. Upungufu mdogo waweza basi kuifanya pampu ivute hewa asubuhi, na kiwango kikapanda chenyewe baadaye. Chujio lililoziba huleta dalili inayofanana, kwa kuwa mafuta mazito hupita kwa shida. Katika hali hizi mbili gia zote huathirika, ya kurudi nyuma ikiwemo.

Athari inapokuwa katika baadhi ya gia tu, sili za mpira za pistoni za klachi ndizo za kushukiwa kwanza. Mpira uliozeeka hukakamaa. Ukiwa baridi, mdomo wake haushiki ukuta wa silinda, mafuta hupenya pembeni, na sahani za klachi hazibanwi kikamilifu. Ukipata joto hulainika na kuziba tena. Klachi ya nyuma hufanya kazi katika gia zote za kwenda mbele, ilhali ya mbele hutumika katika gia ya tatu na ya kurudi nyuma. Gari linaloteleza kwenda mbele lakini likarudi nyuma vizuri lina tatizo kwenye klachi ya nyuma. Isipokuwa gia ya kwanza ikiteleza katika D na kushika mkono ukiwa 1: hapo lawama ni ya klachi ya upande mmoja, ambayo katika 1 husaidiwa na bendi ya nyuma, na baridi haihusiki sana.

Geji huthibitisha hoja hii. Shinikizo kuu likiwa la kawaida katika N lakini likashuka mara D inapowekwa, uvujaji uko katika njia ya klachi inayolishwa hapo. Baada ya kushusha sampu na bodi ya vali, hewa ya kompresa hupulizwa kwenye tundu la klachi husika: pistoni nzima hutoa mshindo mzito, sili mbovu hutoa mfoko wa hewa tu. Kipimo hiki, kama kile cha geji, hakina maana kikifanywa mchana baada ya gari kuendeshwa hadi gereji. Lori lapaswa kulala hapo, na sampu ishushwe kabla injini haijawashwa.