Kijiji, Kanisa na Ploti Yake

Tukiwauliza watu kijiji chao kilianza lini, wengi wanasema, "Kanisa lilipojengwa." Lakini hapa kwetu Bungoma kijiji ni cha zamani kuliko kanisa, ila hakikuwa kama hiki tunachokijua.

Wabukusu waliishi ndani ya lukoba, yaani kijiji kilichozungushiwa ukuta wa udongo na handaki kwa nje. Jioni ng'ombe waliingizwa, mlango ukafungwa, basi. Ukuta ulizuia maadui wa siku zile, lakini haukuzuia bunduki. Mwaka 1895 C. W. Hobley, aliyekuwa na makao Mumias, alileta askari wa Kisudani na wasaidizi wengine. Wakavunja Lumboka, kisha Chetambe, juu ya kilima karibu na Webuye. Wengi walikufa. Baadaye watu walitawanyika, kila mmoja na boma lake.

Kanisa liliwakuta hivyo. Wamarekani watatu wa Friends, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walianza Kaimosi mwaka 1902. Kazi ikafika Lugulu, na leo pale kuna kanisa, hospitali na shule ya wasichana. Wakatoliki wa Mill Hill walifungua Kibabii mwaka 1931. Kwa maoni yetu Jumapili ndiyo iliyokusanya watu tena: habari za ugonjwa, za soko, hata za ng'ombe aliyepotea, zote zilipitia uwanja wa kanisa.

Si wote waliopenda. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyetoka katika Friends, aliongoza Dini ya Msambwa. Februari 1948 polisi walipiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakaua 11. Wazee wengine hawataki kulitaja jambo hili kanisani. Sisi tunasema liandikwe.

Upande wa Kitale, ambako reli ilifika mwaka 1926, mashamba yalikuwa ya walowezi. Baada ya uhuru familia nyingi za Bungoma zilinunua ardhi huko kupitia kampuni na vyama vya ushirika, na ploti za kanisa mara nyingi zilitolewa kwa mdomo tu. Sasa mtoaji amekufa, na watoto wake wanauliza, "Karatasi iko wapi?" Tumeona kikundi kimoja cha akina mama kikifungiwa kisima walichochimba wenyewe kwa sababu hiyo.

Uingereza makanisa ya vijijini yaliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, na vitabu vingi vya namna hiyo vipo hadi leo. Sisi tunategemea kumbukumbu za akina kuka na kukhu, na hao wanatuacha kila mwaka.

Kwa hivyo nunueni daftari. Waulizeni wazee: nani alitoa ploti, mwaka gani, mpaka unapita wapi, nani alishuhudia? Waweke sahihi au kidole gumba mbele ya naibu wa chifu. Lakini daftari si hatimiliki. Kama mtoaji yu hai, nendeni naye na familia yake kwa bodi ya ardhi akiwa bado ana nguvu za kutembea. Nakala moja ya daftari ikae kanisani, nyingine kwa mweka hazina.