Boneti Ndogo, Injini Kubwa

Kabla Mini haijaingia sokoni, wenyewe walioibuni waliipunguza nguvu. Magari ya kwanza ya majaribio yalikuwa na injini ya cc 948, nayo yalikaribia mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Kwa kigari cha familia chenye urefu wa mita 3 na ushei na magurudumu ya inchi 10, mwendo huo ulionekana mkubwa mno. Kampuni ya BMC ikafupisha safari ya pistoni mpaka injini ikabaki na cc 848 na nguvu za farasi 34. Hivyo ndivyo Mini ilivyozinduliwa Uingereza tarehe 26 Agosti 1959.

Tangu siku hiyo mafundi hawajaacha kuzirudisha nguvu zilizoondolewa na kuongeza nyingine juu yake. Wako wanaoifungua injini ya asili na kuichonga upya, wako wanaoing'oa kabisa na kuweka ya Honda, na wako waliothubutu kuweka injini mbili ndani ya gari moja. Wote hukutana na swali lilelile walilokutana nalo wahandisi wa BMC: gari likishapata mbio, litasimamishwa na nini?

Mbunifu wa Mini, Alec Issigonis, alikabidhiwa kazi ya kuibuni wakati Uingereza ikihangaika na uhaba wa petroli uliotokana na mgogoro wa Mfereji wa Suez wa mwaka 1956. Alitakiwa kuchora gari dogo, la bei nafuu, lisilokunywa mafuta, lakini lenye nafasi ya watu wanne na mizigo yao. Akailaza injini kwa upana wa gari, akaiweka gia boksi chini yake, ndani ya tangi la oili, ili vyote viwili vilainishwe na oili moja. Nguvu zikaelekezwa kwenye magurudumu ya mbele. Badala ya springi za chuma, gari likakalia koni za mpira zilizobuniwa na Alex Moulton.

Utaratibu huo ulikusudiwa kuokoa nafasi. Faida nyingine ilionekana barabarani. Gari lilikuwa na takriban kilo 600, magurudumu yake yalisukumwa hadi kwenye pembe nne za bodi, na usukani uliitikia papo hapo. Kwenye kona, Mini ilishika barabara kuliko magari mengi yenye injini kubwa maradufu. Kwenye mlima au barabara iliyonyooka, farasi 34 walihema.

John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mbio, aliliona hilo mapema. Magari yake yalikuwa yametwaa ubingwa wa watengenezaji wa Formula One mwaka 1959 na 1960, kwa hiyo alijua gari jepesi linavyoweza kumwaibisha mkubwa. Issigonis hakuvutiwa na wazo la kuligeuza gari la wananchi kuwa la mbio, lakini wakuu wa BMC walikubali. Mini Cooper ikatoka mwaka 1961 ikiwa na injini ya cc 997, kabureta mbili na farasi 55. Jambo linalostahili kukumbukwa zaidi katika gari hilo ni breki: Cooper aliongeza diski za mbele, palipokuwa na breki za drum. Nguvu na breki vilikuja pamoja, katika gari moja, kutoka kiwandani.

Cooper S ya mwaka 1963 ilikuwa na cc 1,071 na farasi 70. Januari 1964, Mwairlandi Paddy Hopkirk na msoma ramani wake Henry Liddon waliitumia kushinda Mbio za Magari za Monte Carlo, wakiiacha nafasi ya pili Ford Falcon ya Kimarekani yenye injini ya V8 ya zaidi ya lita 4. Timo Mäkinen alishinda mwaka 1965, na Rauno Aaltonen mwaka 1967. Mwaka 1966 Mini tatu zilimaliza mbele ya wote, zikaondolewa kwa madai kwamba taa zake zilikiuka kanuni. Uamuzi huo unabishaniwa hadi leo.

Ushindi huo ulizaa biashara nzima ya mafundi wa kuongeza nguvu. Katika kijiji cha Downton, kusini mwa Uingereza, Daniel Richmond alijenga sifa kwa kuichonga silinda hedi ya injini ya Mini, iitwayo A-Series, na BMC yenyewe ikamwendea kwa ushauri. Hedi ndipo kazi yote ilipo. Injini ina silinda 4, lakini hedi yake ina matundu 5 tu: 2 ya kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli, 3 ya kutoa moshi. Kila tundu la kuingizia linalisha silinda mbili. Silinda hizo jirani huvuta zikifuatana kwa karibu, kwa hiyo hazipati kiasi sawa, na tundu la katikati la moshi nalo linagombaniwa na mbili. Fundi anayelainisha kuta za njia hizo, akapanua valvu na kurekebisha umbo la chemba ya mwako, huongeza nguvu bila kuongeza hata cc moja. Ni kazi ya mikono, ya saa nyingi, na chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi.

Anayeanza hushauriwa apite njia fupi zaidi: chujio la hewa lisilobana, manifoldi yenye mabomba marefu, eksozi pana kidogo, kisha sindano mpya ya kabureta ili petroli ilingane na hewa iliyoongezeka. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa mara nyingi, na ni kosa la gharama kubwa, kwa sababu injini yenye hewa nyingi na petroli haba hupata joto la kutoboa pistoni. Hatua inayofuata ni kamshafti inayofungua valvu kwa muda mrefu zaidi, na flaiwili nyepesi. Mwenye toleo la cc 1,275 la injini hiyo anaweza kutanua silinda zake kutoka milimita 70.6 hadi 73.5 na kupata cc 1,380. Injini ya namna hiyo ikitengenezwa vizuri hufika farasi 100 hivi, karibu mara tatu ya nguvu ilizotoka nazo Mini kiwandani mwaka 1959.

Baada ya hapo ukuta unakaribia. Matundu ni yaleyale matano, na gia zinaoga katika oili ileile inayobeba uchafu wa injini. Wabunifu wengine wamefunga juu ya bloku ya A-Series hedi ya valvu 16 iliyotoka kwenye pikipiki ya BMW K1100. Wengine huamua kuing'oa injini yote.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa maana ya kubadilisha injini. Mafundi wa huku hufunga injini za mtumba kutoka Japani kila wiki, na kinachowasukuma wateja ni pesa: ya zamani imekufa, au inakunywa mafuta. Kwa mwenye Mini, injini ya asili huenda bado ni nzima. Anachotafuta ni raha.

Chaguo lililopata wafuasi wengi ni injini za Honda za jamii ya B. Mojawapo, B16A, ilitoka Japani mwaka 1989 ndani ya Integra, ikitoa farasi 160 kutoka cc 1,595 bila turbo. Siri yake ni mfumo wa VTEC. Kamshafti ina vichongo vya aina mbili: vifupi kwa mwendo wa kawaida na virefu kwa mbio. Injini ikivuka mizunguko 5,000 hivi kwa dakika, shinikizo la oili husukuma pini ndogo, valvu zikaanza kufuata vichongo virefu, na mlio wa injini hubadilika mara moja. Iweke injini hiyo kwenye Mini ambayo, tuseme, imefikia kilo 700, na kila farasi atakuwa anavuta kilo 4 na kitu. Farasi wa mwaka 1959 alivuta zaidi ya kilo 17.

Lakini injini ya Honda imepangwa ubavu kwa ubavu na gia boksi yake, kwa hiyo ni pana. Inahitaji fremu mpya ya mbele iliyotengenezwa mahususi, na mara nyingi sehemu za ndani za bodi kukatwa au pua ya gari kurefushwa. Rejeta inahamishwa. Shafti za magurudumu zinaagizwa upya. Waya na kompyuta ya injini vinaingia katika gari ambalo halikuwahi kuwa na kompyuta. Rimu za inchi 10 zinatoka, zinaingia za inchi 13 ili diski kubwa zipate nafasi. Hata hivyo, ukikanyaga mafuta kwa nguvu, magurudumu ya mbele huteleza na usukani huvuta upande mmoja. Mini haina chasisi tofauti. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na bodi za magari haya hupenda kuota kutu hasa pale fremu zinapofungwa. Kufunga farasi 160 kwenye bati lililooza ni kuhatarisha maisha, na fundi anayekubali kazi hiyo kabla ya kuchomelea bati jipya anastahili kukimbiwa.

John Cooper mwenyewe alionja upande huo wa mambo. Mwaka 1963 alikuwa akiendesha Mini ya majaribio yenye injini mbili, moja mbele na moja nyuma, katika barabara ya Kingston karibu na London, akapata ajali iliyomjeruhi vibaya. Mini ya aina hiyo haikuuzwa kamwe.

Kwa hiyo kati ya njia hizi mbili, ya kuichonga A-Series ndiyo inayoipendeza Mini zaidi. Mini yenye farasi 80, breki za diski, shokamzoba nzuri na matairi mapya humfurahisha dereva katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kwenye kona za kawaida. Yenye farasi 160 inadai uwanja wa mashindano ili ionyeshe ilichonacho. Hata hivyo, anayelijenga kwa uangalifu gari la VTEC, akaanza na bodi na breki, anafanya uhandisi wa kuheshimiwa.

Upo pia mlango wa tatu. Uzalishaji wa Mini ya asili ulikoma Oktoba 2000, baada ya magari zaidi ya milioni 5.3, na thamani ya yaliyosalia imepanda. Mwaka 2022, kampuni ya MINI, ambayo sasa ni ya BMW, ilitangaza mpango wa kuyafunga magari hayo mota za umeme za kilowati 90, sawa na farasi 120 hivi, bila kuharibu bodi. Kwa mpango huo, injini ya petroli inayotolewa ingewekewa alama na kuhifadhiwa, ili mwenye gari akibadili mawazo siku za mbele aweze kurudishiwa ileile.